Juma Ambalo Umeme Ulikataa Kukatika

Sogeeni, enyi wenye masikio mawili na hata mwenye moja, peaneni nafasi kwenye benchi, na aliye na simu inayolia aizime, kwa maana nina jambo zito kifuani. Wengine wamesimulia vita vya mikuki na falme zilizoanguka, waendelee, siwazuii. Mimi nitawasimulia vita vilivyopiganwa mjini Likasi, ndani ya saluni yenye kiti kimoja, kwa ajili ya mstari mmoja wa rangi nyeupe. Nanyi roho za vinyozi waliotangulia, mliosikia mengi na kukata masikio machache, nishikeni ulimi nisipunguze kitu, wala nisizidishe sana.

Shujaa wa habari hizi ni Cyrille mchomelea vyuma, Cyrille wa miwani myeusi, mfunga mageti, mrudisha uhai wa sufuria zilizotoboka, ambaye cheche zimemla mikono ya mashati yote aliyo nayo. Chuma kilimtii. Watu, la. Mwaka juzi Jaël, binti aliyesoma naye darasa moja, alitoa albamu ya nyimbo kumi na moja iitwayo "Vumbi ya Kamatanda", kwa jina la mgodi wa hapa mjini, akasimama kwenye mlango wa soko akiwapakilia watu kwenye simu zao mmoja mmoja, juani. Cyrille alikuwa wa kwanza kuichukua. Akaisikiliza siku mbili mfululizo, akarudi sokoni na kutamka mbele ya wauza nyanya, kwa Kiswahili chetu cha Likasi, ambamo minye ni mimi na njo ni ndio: "Jaël, jina yako itaandikwa ku ubao ya vieux Barnabé. Minye njo nasema."

Jaël alicheka, akamwambia aende kazini. Lakini neno likishatamkwa mbele ya wauza nyanya halirudi mdomoni tena, nalo lilimkaa Cyrille shingoni miaka miwili.

Ubao huo, kwa ninyi msiojaliwa kuuona, umetundikwa kati ya kioo na dirisha katika saluni ya mzee Barnabé, nao umeandikwa albamu za rap za miaka ya karibuni ambazo saluni hiyo imezitangaza kuwa klasiki. Ni tano tu: mbili za Kinshasa, moja ya Lubumbashi, moja ya Goma, na moja ya vijana wa Paris. Ya Likasi hakuna hata moja, na jambo hili lilimchoma Cyrille kuliko cheche. Ilibaki nafasi moja, ya sita, chini kabisa. Ubao haukuweza kurefushwa, kwa sababu chini yake kuna soketi ya mashine ya kunyolea.

Na mjue sheria ya mahali pale, maana hamtaipata penginepo duniani. Barnabé, mnyoa vichwa ambaye chake mwenyewe hakina unywele, hakuwahi kuuliza albamu imeuzwa ngapi wala imesifiwa na nani. Sheria yake aliitoa katika maisha ya mji, ambamo umeme huingia na kutoka bila kubisha hodi. Albamu itapigwa kwenye spika kubwa isiyo na betri. Umeme ukikatika wenyewe katikati ya ubeti na spika ikanyamaza, walio pale wataubeba ubeti kwa midomo yao hadi mwisho, neno kwa neno. Wakiufikisha, ni klasiki. Wakiuangusha njiani, ni kelele. Mtetezi wa albamu hafumbui mdomo, na atakayegusa swichi kwa hila atanyolewa kipara hadharani.

Sasa mtazameni adui. Ni Godefroid, aliyefundisha shule kwa miaka kumi na tisa, Godefroid wa kalamu nyekundu, ambayo hutembea nayo mfukoni hata Jumapili. Yeye alitetea "Trône" ya Général Foudre wa Kinshasa, albamu ya nyimbo ishirini na mbili, yenye tarumbeta na radi za kutengenezwa. Mwezi uliotangulia umeme ulikuwa umekatika katika wimbo wa tisa. Waliokuwepo waliubeba ubeti mistari miwili, kisha wakaingia katika la-la-la, na Barnabé akahukumu kwamba la-la-la si maneno. Mwalimu alikata rufaa. Alisimama mbele ya kioo, ili aweze kujiona akisema, akatoa hotuba.

"Vieux Barnabé, na beye bote benye beko hapa, munisikilize muzuri. Classique ni kitu yenye muntu anarudilia. Trône iko na ba nyimbo makumi mbili na mbili. Iko na ba message. Ile ya Jaël iko na nini? Vumbi. Minye nilimufundisha ule mutoto. Alikuwa anakaa nyuma, anaandika ba mistari yake wakati minye naandika ku tableau. Mutu anaweza kujenga classique na vumbi?"

Cyrille naye aliinuka, akavua miwani myeusi, jambo analolifanya kanisani na msibani tu.

"Maître, na heshima yote. Général Foudre anaimba juu ya ba gari yenye hatukuyaonaka. Jaël anaimba shati ya papa yangu, na ya papa yako weye. Bantu ba Likasi, siye tuko na shaba, tuko na cobalt, tunapeleka dunia nzima. Juu ya nini ku ubao hatuna hata mustari moja? Munipe tu courant ikatike. Sitaomba kitu ingine."

Barnabé alikung'uta brashi na kutoa uamuzi. Kila albamu itapewa juma zima kwenye spika, tangu Jumatatu asubuhi hadi Jumamosi saa kumi na moja jioni, Cyrille akitangulia. Juma likipita bila umeme kukatika katikati ya ubeti, au ubeti ukianguka, "Vumbi ya Kamatanda" haitapigwa tena mle kwa mashindano, na nafasi itamngojea mwalimu.

Cyrille alilala usingizi mtamu. Tangu lini umeme ulikaa siku sita?

Ole wake! Jumatatu umeme ulikuja alfajiri ukakaa. Jumanne ukakaa. Jumatano watu walianza kusalimiana barabarani wakipongezana, vinu vya mahindi vililia tangu asubuhi, friji zilizokuwa makabati ya nguo zikagandisha maji, na mtu mmoja wa mtaa wa pili alipiga pasi hata soksi. Mji mzima ulikuwa na furaha, isipokuwa Cyrille. Yeye, ambaye riziki yake yote hupita katika waya, alikaa kwenye benchi ya Barnabé mikono mapajani, akimwomba Mungu awanyime watu umeme, kisha akimwomba msamaha kwa ombi hilo. Karakana yake ilifungwa. Geti la kanisa lililala chini likimngoja.

Alhamisi akaja Maman Berthe. Huyu ni mama anayekaanga mikate chini ya dirisha la saluni, mwimbaji wa kwaya ya wamama, mwenye sauti ya kuita watu wawili waliokufa na mmoja anayesitasita. Juma hilo hakuwa akikaanga, kwa kuwa mbabula yake, jiko lake la makaa, ilikuwa imevunjika mguu, na mtu wa kuiunganisha alikuwa amekaa humo ndani akisikiliza muziki.

"Cyrille mutoto yangu," alisema kutoka dirishani, "courant iko siku inne. Siku inne. Mbabula yangu iko na miguu mbili, na weye umekaa sawa vile bwana harusi."

"Maman, unihurumie. Nikitoka, courant itakatika, sitaona."

"Juu ya ile makelele yenu? Miaka mbili munanipigia ile mu masikio. Minye naimbaka ya Mungu tu. Ba nyimbo ya dunia sijue hata moja." Akaondoka na kitambaa chake cha kichwa kimepinda kwa hasira.

Cyrille aliona aibu, na aibu hiyo ilimtafuna hadi Ijumaa mchana. Mama huyo alimlisha mikate ya bure alipokuwa mwanafunzi mwenye njaa, naye sasa alimfungia karakana. Basi akainuka, akamwambia Barnabé, "Ikikatika sasa, ni Mungu," akaenda kuunganisha ule mguu. Akauunganisha vizuri, akauongezea pete ya chuma ili usivunjike tena, na muda wote cheche ziliporuka alikuwa akihofia zisije zikazimika. Hazikuzimika. Alirudi mbio saluni, jasho likimtiririka, akaukuta umeme ungali pale umetulia.

Ikafika Jumamosi. Saa kumi na nusu aliingia Godefroid, akitaka kunyolewa kwa ajili ya ibada ya kesho. Nyuma yake wakaingia wafuasi wake watatu, waendesha pikipiki, wapenzi wa Général Foudre, wakaijaza benchi. Mwalimu alijiweka kwenye kiti kama hakimu, akafungwa shuka shingoni.

"Dakika makumi tatu," alisema kwa upole mbaya kabisa. "Cyrille ndugu yangu, usilie. Hata kufika fainali ni kitu."

Cyrille alikuwa amesimama kando ya mlango, akiitazama taa ya dari kwa macho ambayo mwanamume humtazama nayo daktari anayetoka chumba cha upasuaji. Nyimbo zikapita, wa tano, wa sita. Mashine ya Barnabé ikapanda upande wa kushoto wa kichwa cha mwalimu, ikausafisha, ikafika utosini. Saa kumi na dakika arobaini na nane ukaanza wimbo wa saba, wenye jina la albamu yenyewe, na Jaël akaanza ubeti wa pili: *Vumbi ya Kamatanda mu shati ya papa...*

Umeme ukakatika.

Taa ikafa, mashine ikafa mkononi mwa Barnabé, spika ikanyamaza. Barabara nzima ilitoa mguno mmoja mrefu wa masikitiko, na ndani ya saluni Cyrille aliwageukia wale watatu. Nao walimtazama mwalimu kwenye kioo, na mwalimu, bila kugeuka, alitoa kidole chini ya shuka akakiweka midomoni. Wakaifunga midomo kama mifuko ya saruji. Barnabé hakuweza kusaidia, hakimu haimbi. Cyrille aliweka glavu yake ya kazi katikati ya meno akaiuma, kwa maana maneno yote yalikuwa yamejaa kinywani mwake na sheria ilimkataza. Akilini alimwona Jaël wa siku ile sokoni akicheka. Aliona kwamba alikuwa na haki ya kucheka.

Ndipo kutoka chini ya dirisha, pamoja na harufu ya mafuta ya moto, ilipanda sauti. Ilikuwa sauti ya kwaya, yenye mtetemo mwishoni, sauti ya mtu anayegeuza mikate kwa uma mrefu na mawazo yake yako kwingine.

*"Maman anafula, anafula, iko tu apa.*
*Banatucheka ku masomo: muko na vumbi mingi..."*

Maman Berthe, adui wa nyimbo za dunia, alikuwa ameubeba ubeti bila kujua kwamba spika imenyamaza. Akageuza mkate mmoja, akaendelea:

*"Ukipita leo, papa, minye nasimama..."*

"Hapana, Maman," alisema Godefroid. "Unaruka mustari." Na yule mtu aliyesahihisha daftari kwa miaka kumi na tisa, ambaye hajawahi katika maisha yake kuacha kosa lipite, aliinua kichwa chake kilichonyolewa nusu, akausema mstari uliorukwa, ule wa kalamu na daftari, kwa mahadhi yake na pumzi zake zote:

*"Ile vumbi njo ililipa bic na kaye, na bingine bingi."*

Kisha akajiona kwenye kioo.

Lakini ngome ilikuwa imebomoka. Waendesha pikipiki watatu, walipomwona jemadari wao ameimba, hawakuweza kujizuia zaidi. Walifumbua midomo kwa pamoja, na Maman Berthe dirishani akawaongoza kwa uma, na mwalimu, aliyeona kwamba sasa ni yote au hakuna, akaimba kwa sauti kuliko wote:

*"Ukipita leo, papa, minye nasimama,*
*napiga vumbi yako saluti, mbele ya maman."*

Ubeti ulifika mwisho wake ukiwa mzima. Cyrille aliitoa glavu mdomoni na kulia waziwazi, wala hakuona haya, nami sioni haya kulitaja.

"Minye nilikuwa na-corriger tu," alisema Godefroid.

"Maître," alijibu Barnabé, "muntu hawezi ku-corriger kitu yenye hajue."

Mwalimu alilegeza shuka shingoni. "Bon," alisema. "Nasikilizaka wakati niko na-corriger ba interro. Inasaidia. Ule mustari ya bic ni muzuri. Njo alikuwa anaandika ile, kule nyuma." Akamnyooshea Cyrille mkono, naye Cyrille akaushika kwa miwili.

Barnabé akafungua kopo la rangi nyeupe. Cyrille alishika kigoda, wafuasi wa Général Foudre wakamulika kwa simu zao, na katika nafasi ya sita, sentimita nne juu ya soketi, ikaandikwa: VUMBI YA KAMATANDA, JAËL, LIKASI. Maman Berthe aliletewa habari ya alichokifanya, akakana kabisa, akagawa mikate.

Basi na ijulikane kwa vizazi kwamba ilikuwa Jumamosi, saa kumi na dakika hamsini na nane jioni, Likasi ilipoingia katika ubao, kwa uvumilivu wa mchomelea vyuma, mguu wa mbabula, na kosa moja ambalo mwalimu hakuweza kuliacha lipite. Umeme haukurudi hadi Jumatatu. Godefroid aliabudu Jumapili akiwa amevaa kofia, na mchungaji, aliyekwisha kusikia kisa chote, hakumwambia aivue.

Jumatatu hiyo asubuhi Jaël alipita kununua mikate. Maman Berthe alimwonyesha dirisha kwa uma. Jaël aliingia, akasoma mstari wa mwisho, akausoma tena, kisha akagusa herufi ya kwanza ya jina lake aone kama ni kweli. Rangi ilikuwa bado mbichi kidogo, kwa sababu Barnabé huipaka nene. Alama ya kidole ikabaki, na Barnabé amekataa kuifuta.