Koili ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Salamu kwako, daftari langu. Hujambo? Vumbi la gereji halijakukaba kifua? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila roho iko juu juu. Nakueleza wewe tu. Nikimweleza mke wangu, atamwambia dada yake, na dada yake ndiye mke wa mwanyumba.

Mwanyumba huyo! Tumeoa ndugu, tunatengeneza magari kwenye ua mmoja, na ua ni wa mama mkwe. Banda la bati ni moja. Tumekuwa tukilitumia kwa zamu na kwa kununiana. Leo mama mkwe kasema zamu basi, amechoka na kelele. Gari lake dogo jekundu la mbio, lile la viti viwili alilojizawadia alipostaafu ukunga, linatetemeka. Atakayeliponya, banda lake. Mwingine ajue pa kwenda. Na liwe limepona kabla ya Jumamosi, maana anapanda kilimani kumwona dada yake hospitalini. Bibi wa watu anapasuliwa Jumatatu.

Mvua ziko karibu. Nikikosa banda nitafungua injini za watu chini ya mwavuli? Na umri huu?

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimeupata ugonjwa wa gari! Baada ya sala ya alfajiri, mwanyumba bado anakoroma, nikaliwasha. Injini baridi, tulivu kama paka. Nikaiacha ipate moto. Loo! Tuk, tuk, tuk, hadi kioo kinatikisika. Nikachomoa waya za koili, moja moja. Koili ndiyo inayoipa plagi cheche. Ukiinyima umeme iliyo nzima, injini inalegea zaidi. Ya kwanza, ikalegea. Ya pili, ikalegea. Ya tatu, kimya, hakuna tofauti. Maiti! Nikaihamishia silinda ya kwanza, nikapasha tena, ugonjwa ukahama nayo. Basi si plagi. Ni koili. Ikiwa baridi inafanya kazi, ikipata moto inagoma. Kama mimi saa nane mchana.

Nilikuwa naenda kununua mpya, wallahi. Nikafika getini nikasimama. Nani kaniona? Mwanyumba atasema nimebahatisha. Ana ile mashine ya kusoma gari, anaichomeka chini ya usukani inamtajia silinda iliyokosa. Anaivaa shingoni, watu wanamwita Daktari. Aaibike kwanza. Nimeitia koili mbovu alama ya chaki, nikairudisha ya tatu. Kesho itahama. Mungu anisamehe, ni mzaha.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Raha! Jana mashine ilisema ya tatu. Daktari akabadilisha plagi ya tatu, akatangaza ua mzima. Leo alfajiri nikaihamishia ya pili. Mchana mashine ikasema ya pili. Fundi cherehani wa jirani akamwuliza kama ugonjwa wake una miguu. Nikacheka hadi nikajificha nyuma ya pipa.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimeihamishia ya nne. Daktari kawa mdogo. Kasema ni waya, zifumuliwe zote, kazi ya wiki.

Mama mkwe akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akawa anapangusa miwani. Akasema polepole kwamba dada yake ndiye aliyembeba yeye mgongoni, mama yao alipokufa. Hakulia. Afadhali angelia. Nikaongeza rakaa mbili leo. Kesho namaliza. Baada ya sala ya Ijumaa, watu wakiwa wengi kidogo.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Sijala.

Nilinunua koili mpya. Nikamkaribisha mama mkwe, fundi cherehani, hata muuza mkaa. Nikatangaza kwamba mafundi wa zamani hatuhitaji mashine, tuna masikio. Nikalaza sikio juu ya boneti, injini haijawashwa hata. Daktari akaguna kwamba labda naisikia ikiota. Nikafungua.

Ya Rabbi! Chaki hakuna! Koili zote nne zinang'aa kama vijiko vya harusi. Daktari kazifuta kwa petroli, eti alitafuta nyufa. Nikamwuliza, kama mtu anayetania, kama kila moja aliirudisha ilipotoka. Akasema kwani si zote sawa tu?

Ningeweza kusema subirini, niipashe moto, nipime upya. Lakini masikio nilikwisha kuyasifu. Nikafumba macho, bismillahi, nikang'oa ya pili. Nikaweka mpya. Gari likawaka, zuri, tulivu. Baridi, bila shaka! Watu wakapiga makofi. Mama mkwe akaifunga koili niliyoitoa kwenye leso, akaitia mkobani, akamwonyeshe dada yake mdudu aliyekuwa akimtesa. Akanipa ufunguo wa banda. Gari akalifungia kwake, nisiliguse tena, nimechoka maskini.

Labda nimepatia. Labda.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Asubuhi mama mkwe kaniita. Kiti cha pili ni changu, shujaa wake nimsindikize. Mkwe utamkatalia vipi? Nikaingia, magoti kidevuni.

Tambarare, salama. Nikawa nasoma kila dua ninayoijua. Akaniuliza mbona natokwa jasho na dirisha liko wazi. Mlima ukaanza. Tuk. Akauliza kama nimesikia. Nikasema ni barabara. Tuk, tuk. Nikasema barabara mbovu sana hii. Harufu ya petroli, gari likakosa nguvu, malori yakatupigia honi nyuma. Likasimama ukingoni. Na wodi wanafunga milango jioni.

Hakunigombeza. Akampigia simu Daktari, naye akaja na pikipiki yake, mashine shingoni. Hata hakuigusa. Aliwasha injini ikiwa bado na moto, akachomoa waya moja moja huku ameinamisha sikio. Kazi yangu ile ile! Ya nne. Akasema koili imekufa, na ya akiba hana. Kisha akaniuliza ile niliyoitoa jana iko wapi.

Nikasema ile mbovu, haifai. Mama mkwe alikuwa ameshafungua mkoba.

Akaichomeka. Injini ikaimba. Wote wawili wakanitazama. Mama mkwe akaniuliza, taratibu kabisa, jana basi nilitibu ugonjwa gani. Akanyoosha mkono, nikamrudishia ufunguo. Akaniomba nishuke, nimpishe mwenzangu.

Wakaenda, nikabaki na pikipiki. Siwezi kuendesha. Nimeikokota hadi nyumbani.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Walifika. Mama mkwe alimshika dada yake mkono hadi kengele ya kufunga wodi ikalia. Nimemwombea bibi yule kwa moyo wangu wote, hilo si mzaha.

Daktari kahamia bandani, kafagia. Mama mkwe kasema masikio yangu ni mazuri kweli, kilichobaki ni ulimi uyafuate. Daktari naye kaniambia naweza kuweka spana zangu pembeni, tusinyeshewe sote. Kwa upole! Dharau hiyo nitaiweka wapi?

Nimetubu, daftari langu. Kabisa. Koili za watu sigusi tena.

Ila Alhamisi mama mkwe anarudi hospitalini, na gari limelala bandani kwa Daktari. Mama mkwe hawezi kutoka getini bila kupiga honi. Siku honi ikinyamaza mikononi mwa Daktari, atamtafuta nani? Mwenye masikio. Na ni fyuzi ya honi tu, ndogo kama ukucha, haidhuru mtu. Hii hapa mfukoni mwangu.

Je, nayo ni dhambi? Tafadhali nijibu upesi, kabla ya Alhamisi.