Sauti ya Mzee Benon kwa Ubora wa Juu

Jumapili, 7 Septemba 2025

Naanza shajara. Kwa Kiswahili, kwa sababu Keith wa chumba cha pili amekulia Uganda na Kiswahili hakisomi, na Keith ana tabia ya kuingia chumbani kwangu kuazima pasi. Kwenye karatasi nina kamusi. Mdomoni sina. Humo r na l hukaa zinapotaka.

Habari kubwa: pleya imefika! Pleya ya muziki ya ubora wa juu, biti ishirini na nne. Ndogo kama sabuni ya hoteli, nzito kama kufuli. Wimbo wake mmoja unakula nafasi ya nyimbo thelathini za simu, kwa sababu haupunguzwi hata chembe. Watu hawaelewi. MP3 ni muziki uliochujwa. Wangu haupotezi kitu.

Keith naye ana pleya. Ya zamani kuliko yangu, ila hedifoni zake zina waya mnene kama wa kuvutia gari. Alisikiliza yangu sekunde kumi, akasema si mbaya kwa kuanzia. Kwa kuanzia! Kisha akanishauri niweke menyu kwa Kichina, lugha ya kiwandani, eti mashine ikitafsiri inachoka na sauti inapauka. Nikajifanya nalijua hilo siku nyingi. Alipotoka nikaweka Kichina. Naapa besi imeongezeka.

Baada ya kanisa Mama Akimana, mwenye nyumba wetu hapa Kicukiro, alitukuta uani tukibishana. Jumamosi ni ibada ya mwaka mmoja tangu mumewe, Mzee Benon, afariki. Mzee alifundisha Kiswahili Karagwe miaka thelathini kabla ya kurudi Rwanda, na hapa nyumbani aliwasahihisha wapangaji wote, mimi kuliko wengine. Mama ana sauti yake kwenye simu ya zamani ya vitufe. Dakika nne. Spika ya simu hiyo inakoroma. Akauliza kama kuna anayeweza kuisafisha, ndugu waisikie vizuri.

Keith akasema angependa kwanza kuliona faili. Mimi nikasema aniachie mimi, kwenye mashine yangu hakuna kinachopotea.

Binti yake, Akimana, alikuwa anaanika nguo. Aligeuka akaniangalia. Keith hakuangaliwa.

Jumatatu, 8 Septemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Nilipotoka kazini Mama Akimana alinipa memori kadi ya ile simu, imefungwa kwenye leso, mafundo mawili. Kwanza niliisikiliza kwa simu yangu. Mzee Benon anatoa maagizo. Alijirekodi asubuhi aliyokwenda kulazwa, kwa sababu hakuamini kuna mtu atakayekumbuka. Komeo la geti lipakwe mafuta. Bomba lifungwe tangi likijaa. Mwavuli uko nyuma ya mlango. Dawa amekunywa, asiulizwe tena. Mwisho anasema, "Haya," halafu zinafuata sekunde ishirini za pumzi tupu, maana hakujua kitufe cha kuizima. Nikaandika pembeni: sekunde ishirini, kelele, kata.

Nikachomeka kadi kwenye pleya. Pleya ikaniuliza swali. Kwa Kichina. Vitufe viwili, kushoto na kulia. Nikawaza: mashine zote huweka ndiyo upande wa kulia, na mwenye mashine nzuri husema ndiyo. Nikabonyeza kulia.

Kadi tupu.

Sikuogopa! Huo ndio ujinga wenyewe. Nilidhani kadi imezimia tu, nikaijaza nyimbo zangu nione kama inafanya kazi. Inafanya kazi vizuri mno. Ilijaa hadi ukingoni. Ndipo nikapata akili ya kuitafsiri ile picha ya swali niliyokuwa nimeipiga kwa simu kabla ya kubonyeza, ili nimringie Keith. Swali lilikuwa: Futa vyote?

Nilibonyeza kulia, na kulia ndiko kulikobaki.

Mama Akimana akagonga mlango, ameniletea chai ya maziwa. Akauliza kazi inaendeleaje. Nikamwambia naendelea kuisafisha. Sijadanganya. Hakuna kadi safi kuliko ile.

Jumanne, 9 Septemba

Niliomba ruhusa kazini nikaenda Nyakabanda kwa Gwiza, fundi simu, dada ambaye husifiwa kwa kufufua vilivyofutwa. Aliniuliza kama niliingiza chochote baada ya kufuta. Nikasema vinyimbo vichache. Akaichomeka kadi, akatazama, akanitazama mimi.

Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Kitu kikifutwa hubaki chini kimelala. Ningeweka MP3 kadhaa, huenda sauti ya mzee ingepona pembeni. Lakini hizi nyimbo zangu zilizonona zimekalia kila kona. Ni ubora wenyewe ulioua.

Alihangaika saa nzima. Alichookoa ni nusu ya picha ya ndama, upande wa nyuma. Akauliza kama itanifaa.

Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi, wamesikia yote. Mmoja akanipa pole kwa sauti ya chini, kama tuko msibani. Gwiza alikataa malipo. Akaniambia niende moja kwa moja nikamweleze mama wa watu, leo hii, kabla moyo haujapoa.

Nilikubali. Njia nzima nilifanya mazoezi ya sentensi. Nilipofika, Mama Akimana mwenyewe alinifungulia geti. Komeo liliteleza bila mlio wowote. Limepakwa mafuta. Mwaka mzima analipaka mafuta.

Sentensi ikayeyuka. Nikasema Ijumaa itakuwa tayari.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimepata njia. Nikiandika mkono unaona haya, lakini nimepata njia.

Maneno ninayo yote kichwani. Kwa hiyo maneno hayakupotea. Kilichopotea ni koo tu, na koo ninalo.

Nyumbani haiwezekani, ukuta ni mwembamba na Keith ana masikio. Saa ya chakula cha mchana nikapanda pikipiki hadi Gisozi, Agakiriro, kwenye soko la maseremala, kwa Mutabazi, seremala aliyenitengenezea kitanda. Ana makabati ya nguo makubwa, mazito. Nikamwambia nataka kulikagua moja kwa ndani. Akasema nijisikie nyumbani. Nikaingia na pleya, maana inarekodi pia, nikavuta mlango.

Sauti ya ndani ya kabati! Kavu, tulivu, kama studio. Nikakunja shingo, nikashusha koo. Nilianza, "Gahongayire, mke wangu mpenzi." Hilo nimeongeza mimi. Mzee hakuwa ameweka mapenzi popote, nikaona ni pengo.

Mara ya kwanza nilikohoa vibaya. Mara ya pili ilikwenda vizuri hadi mwisho. Mara ya tatu nilikuwa nimefika kwenye mwavuli, mlango ukafunguka. Mume na mke, wamekuja kuangalia bawaba. Tukatazamana. Sijui kwa nini, nikasema tena, kwa sauti yangu ya kawaida safari hii, kwamba mwavuli uko nyuma ya mlango. Yule mama akachungulia nyuma ya mlango!

Mutabazi hakutetereka. Aliwaambia waone ubao ulivyo imara, unabeba mtu mzima. Wakalinunua palepale. Nilitoka nikasaidia kulipakia.

Nitatumia ile ya pili. Zile sekunde ishirini za mwisho sikuziweka. Mtu hawezi kuiga kelele.

Jumamosi, 13 Septemba

Imefanyika. Mungu anisamehe, ila asinisamehe haraka.

Uani palijaa. Mgeni mkuu alikuwa Mzee Mutsinzi, mdogo wa marehemu, ametoka Karagwe. Keith, bila kuombwa, alileta spika zake na ule waya wake. Baada ya sala mchungaji akanipa nafasi. Nikabonyeza.

Akimana alilia kuanzia neno la kwanza. Mzee Mutsinzi alilia zaidi. Alisema sauti imetakata kiasi cha kumrudisha kaka yake ujanani, hivi ndivyo alivyosikika akiwa na miaka thelathini na tano. Nina miaka thelathini na tano. Kisha akatikisa kichwa. Marehemu anasema bomba "rifungwe" tangi "rikijaa". Yeye aliyechapa watoto wa watu kwa kosa hilo! Kigali, akasema, imemharibia Kiswahili, masikini.

Keith alikuwa ameinamisha sikio. Akasema anasikia randa ya umeme kwa mbali, na mtu anauliza bei ya kabati. Nikasema jirani alikuwa anajenga. Akasema kweli ubora ni mkubwa, hakuna kinachojificha. Ni mara ya kwanza Keith kuisifu mashine yangu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Akimana hakulia. Aliangalia viganja vyake mpaka mwisho. Halafu akasimama, akasema, "Asante, mwanangu," akaenda jikoni. Sahani ya kwanza ilikuja kwangu kabla ya mchungaji. Ndizi na nyama, kipande kikubwa kuliko vyote. Nilikula huku kila mtu akinishukuru. Akimana alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Wiki nzima nilikuwa naomba jambo hilo hilo litokee.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya kanisa Mama Akimana aliniita sebuleni. Tulikuwa wawili tu.

"Sangwa," akasema, "mume wangu hakuniita Gahongayire hata siku moja. Wala mpenzi. Miaka arobaini na moja aliniita Wewe."

Nikaangalia zulia.

"Iko wapi?"

Nilimweleza yote. Kichina, kitufe cha kulia, nyimbo zilizonona, nusu ya ndama. Nilipofika kwenye kabati mabega yake yalianza kutikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Sikuthubutu kuinua macho.

Alipotulia akaniambia kila asubuhi, mwaka mzima, aliisikiliza kabla ya kufungua geti. Hahitaji simu. Akakaa wima, akafumba macho, akaanza.

"Wewe. Komeo la geti lipake mafuta, usingoje lilie."

Ilikuwa yote. Kikohozi kabla ya tangi. Kile kituo kidogo baada ya mwavuli, anapojaribu kukumbuka kama ni mwavuli au ni koti. Kero ya kwenye dawa. Hakuigiza koo lake, hakulishusha hata kidogo, na bado Mzee Benon alikuwepo pale kwenye kiti. Mimi ile sauti niliisikiliza mara moja, na kilichonishughulisha kilikuwa mikwaruzo.

"Haya," akasema.

Nikadhani amemaliza, nikafungua mdomo kuomba radhi. Akainua kidole. Alikuwa anapumua. Anavuta, anashusha, taratibu, kama mtu anayetafuta kitufe asichokijua. Sekunde ishirini. Nilizihesabu, na kila moja ilinipita hapa kifuani.

Halafu akafungua macho, akaniambia nifute ya kabatini mbele yake. Nikaifuta. Akasema Akimana na ndugu hatawaambia yeye. Nitawaambia mimi, na nianze na shemeji yake kesho, kabla hajapanda basi. Hataki kitu kingine kutoka kwangu.

Niliapa. Kwa mkono juu! Nimelia, nimenawa uso, nimeirudisha menyu kwenye lugha ninayoisoma. Mimi sasa ni mtu mwingine. Kuanzia leo kinywa hiki ni ukweli mtupu.

Jumatatu, 15 Septemba

Niliomba ruhusa tena kazini. Nilimsindikiza Mzee Mutsinzi hadi stendi ya Nyabugogo, nimembebea begi. Sentensi ilikuwa tayari, fupi, haina pa kujikwaa: Muzehe, sauti ile ilikuwa yangu, naomba radhi. Maneno saba, nikihesabu na Muzehe, ndiyo mzee kwa Kinyarwanda.

Akatafuta kiti chake, akarudi chini kuniaga. Nikavuta pumzi.

"Muzehe, sauti ile..."

"Sauti ile!" Akanidaka mkono. Hajapata usingizi tangu aisikie. Jana alimpigia dada yao, Mukunde, aliyebaki Karagwe kitandani, hawezi kusafiri. Akamsimulia yote. Dada akalia kwenye simu, kisha akauliza kitu kimoja tu: je, kaka Benon hakumwachia yeye neno lolote?

Akaniangalia akingoja. Macho yake yamefanana na ya marehemu. Kondakta alikuwa anapiga bodi ya basi.

Yalibaki maneno manne. Niliyatafuta. Naapa niliyatafuta. Nikasikia mtu akisema kwamba mwishoni kuna kipande kidogo ambacho bado hakijasafishwa, kina kelele nyingi, lakini ndani yake mzee anamtaja dada. Kitakuwa tayari Ijumaa. Mtu huyo alikuwa mimi.

Mzee Mutsinzi aliniwekea mikono yote miwili kichwani, akanibariki mbele ya abiria. Akapanda. Basi likaanza kurudi nyuma.

Hapo aibu ikanishika shingoni. Nikakimbia. Nilikimbia kando ya basi nikipiga kioo kwa kiganja, watu wanapiga kelele, dereva anapiga honi. Mzee Mutsinzi akafungua dirisha, akauliza kuna nini mwanangu.

Nikamuuliza Mzee Benon alikuwa akimwita dada yake jina gani.