Nilivyofungua Madirisha Siku ya Posa ya Zuhura

Leo nimefedheheka, jamani. Mbele ya wakwe! (Si wangu. Mimi nani wa kunipa mke?) Wakwe wa dada yangu Zuhura.

Sisi tunakaa Mwakirunge, nyumba ya mawe, sakafu imejaa nyufa. Mchana redio ikasema kuna gesi inaitwa radoni. Inatoka ardhini, inapenya kwenye nyufa, inajaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Haina rangi, haina harufu. Ukiivuta miaka na miaka, mapafu yanaharibika. Cha kufanya? Ziba nyufa, nyumba ipate hewa.

Nikakimbilia sebuleni. Mama amefunga kila dirisha! Wageni wa posa wako njiani, naye anafukiza udi ukolee kwenye mapazia. Zuhura yumo humo humo, anapanga mito huku anakohoa. Roho iliniuma. Watu wangu ndio hao wawili tu.

Walipokwenda kuvaa, nikafungua yote. Mpaka mlango wa nyuma. (Nilijiona daktari, wallahi.)

Nilichosahau ni kwamba nyuma kule kuna jaa la taka. Upepo ukageuka. Udi ukatoka, jaa likaingia. Na nzi wake!

"Hodi!"

Wageni hao. Mama akatoka mbio kuwapokea, akanusa, macho yakamtoka. Nyanyake bwana harusi akakaa, akaziba pua kwa mtandio.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mjukuu wangu. Humu mna nini?"

Ningesema jaa, yaishe. Lakini mimi na elimu yangu mpya!

"Nimefungua madirisha kwa sababu ya gesi, nyanya. Lakini usijali, haina harufu."

Akanitazama kwa huruma.

"Kama hii ndiyo haina, baba, yenye harufu ikoje?"

Wageni wakasogeza viti mbali nami. Hata Zuhura akasogea! (Dada wa tumbo moja.) Mama anaona posa inarudi ilikotoka.

Nikaeleza yote: redio, nyufa, mapafu ya mama, kikohozi cha dada. Jasho linanitoka. Nyanya akasikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akajifuta machozi.

"Haya, mke tumemtaka vile vile. Watu wanaooneana huruma hivi, tuwaache twende wapi? Ila mama, funga huo mlango, tafadhali!"

Zuhura anaolewa, alhamdulillahi. Lakini ukoo mzima wa shemeji sasa unaniita Gesi. Nyinyi wenzangu, nawaombeni, niiteni jina langu.