Kiyoyozi cha Shangazi Biubwa

Jumatatu, 4 Agosti

Mimi ndiye mwanamke mzuri kuliko wote Johannesburg, na asubuhi ya leo nimenyoa ndevu mara mbili. Nikivaa wigi, mabaunsa wananifungulia mlango. Nikivua, wananiuliza namtafuta nani.

Niandike vizuri, maana siku moja shajara hii itawekwa kwenye kabati la vioo. Jina Bakiri, kwetu Tanga, shule niliachia kidato cha pili (shule ndiyo iliyoshindwa kunifuata). Mchana nafagia nywele saluni kwa Angélique, Mkongo wa Bukavu, hapa Turffontein. Alhamisi napanda treni ya kasi hadi Sandton, kwa wenye fedha, kurekodi *Malkia wa Kicheko*. Wanaume tunavaa kike, tunachekesha, kila wiki mmoja anarudishwa kwao. Mshindi anapewa kipindi chake mwenyewe. Tumebaki watatu: mimi, Joël na Octave.

Octave. Mkongo wa Lubumbashi, mrefu kama nguzo ya umeme. Akishavaa anaitwa Madame Chloé. Anamwaga Kifaransa, anazungusha kiuno, basi. Watu wanamcheka kwa adabu tu.

Wiki iliyopita nusura nitolewe mimi. Jaji Murielle alisema mwanamke wangu ni wigi tupu, ndani hamna mtu. Nikamtafute mtu. Kazi ndogo.

Jumanne, 5 Agosti

Mtu nimempata. Nalala sebuleni kwake.

Shangazi Biubwa, dada yake baba, ndiye anayenilisha mjini hapa. Anajua kwamba Alhamisi naenda kusomea ulinzi. (Cheti nitakichora baadaye.) Leo kanibebesha kikapu kwenda buchani kwa Mansour. Njiani roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, zimezimika. Shangazi akasimama katikati ya magari akazinyooshea kidole: leo mmekufa, jana si mlikuwa mnajidai, mara jekundu, mara kijani. Teksi zikamsubiri amalize. Dereva mmoja akatoa kichwa, akasema eish, mama. Shangazi akamjibu hiyo eish akampe mkewe.

Jioni ndipo utamu ulipo. Kila jioni Shangazi hukaanga bajia za kuuza, na huku anakaanga humpigia Bibi, mama yake, aliyeko Tanga. Bibi hajui kupiga simu, anajua kupokea tu. Sauti ya Shangazi inabadilika, inavaa viatu. Anasema yuko ofisini Sandton, ghorofa ya tisa, kazi zimemlemea. Akitia bajia mafutani, chwaaa, Bibi anauliza kelele gani hiyo.

"Kiyoyozi, mama. Ofisi za huku viyoyozi vyake vikali."

Bibi anafurahi, kesho yake mtaa mzima wa Ngamiani una habari ya kiyoyozi.

Nilijifungia chooni nikacheka huku nimeuma taulo.

Jumatano, 6 Agosti

Tatizo dogo la mila. Shangazi hataniwi. Mtani wangu ni Bibi: ananiita mume wangu, mimi namwita kikongwe changu. Nikimtisha kwamba nitaoa wa pili, ananiambia nikaoge kwanza. Hilo ni halali tangu dunia iumbwe. Lakini shangazi ni baba wa kike. Umtanie baba yako uone.

Dawa nimeipata kabla chai haijapoa. Namvisha mvi, namwita Bibi. Maneno ya Shangazi, kichwa cha Bibi. Mila haina la kusema. Kuna mawakili wamesoma mpaka wakaota upara na hawajawahi kufikiri kitu kama hiki.

Angélique kanishonea wigi la mvi huku ananung'unika.

"Ile ni mama ya watu, weye Bakiri. Anakulisha, kisha unamuuza ku televizio?"

Nikamwambia simuuzi, namtangaza. Sindano ya wigi ikanichoma kichwani. Kasema bahati mbaya.

Dera la zambarau la Shangazi nimelianua kambani. Bado bichi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepita. Lakini nianze na mkosi. Kabla ya kurekodi nilipaka mafuta ya mgando chini ya mchuchumio wa Octave. Akatoka nyuma ya pazia, akateleza mpaka kwenye meza ya majaji, miguu imepanuka, mmoja Turffontein mwingine Kensington, akatulia hapo hapo na kumbusu Murielle mkono. Ukumbi mzima ukainuka. Wamedhani kafanya mazoezi! Alipopita karibu yangu akaninong'oneza: asante ndugu, safari ijayo lete kopo kubwa.

Ikaja zamu yangu. Nikatoka nikiwa Bibi Kiwembe. Niligombana na roboti, watu wakashika mbavu. Kisha nikatoa simu, nikakaanga bajia za hewani, chwaaa kwa mdomo, nikamwambia "mama" hicho ni kiyoyozi cha ofisini Sandton. Kiswahili kitupu, maandishi ya Kiingereza yanapita chini kwenye skrini. Mpiga kamera ilibidi akae sakafuni. Murielle akafuta wanja akasema leo ndani ya wigi kuna mtu.

Joël katolewa. Kalia mpaka kope zimemdondokea kifuani. Fainali ni mimi na Octave, baada ya wiki mbili.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya Wanawake, sikukuu ya nchi nzima, na ndiyo siku waliyochagua kutuonyesha. Mpango wangu: Shangazi asione. Nikachomoa kadi ya dekoda, nikaifukia kwenye unga wa dengu, nikatangaza msiba wa dekoda. Shangazi akasema haidhuru, ataangalia saluni kwa Angélique, wanawake wote wanakutana huko leo.

Nikamfuata mbio.

Palijaa. Shangazi kapewa kiti cha mbele, chini ya kikaushio cha nywele, kama malkia na taji lake. Kwenye kipande cha roboti alicheka kuliko wote. Akampiga Angélique paja, akasema bibi huyu ana akili, maneno yake kama yangu. Angélique akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Kikaja kipande cha simu. Chwaaa. Saluni ikalia kwa kicheko. Shangazi alikuwa anaangalia dera. Akasema kaacha jiko linawaka, akatoka.

Nilipofika nyumbani jiko lilikuwa baridi. Akaniuliza masomo ya ulinzi yanaendeleaje. Nikasema vizuri. Akasema naona.

Jumapili, 10 Agosti

Klipu imefika Tanga kabla sijapiga mswaki. Binamu yangu Bushra kaitupa kwenye kundi la familia, kila mtu anaandika kiyoyozi, kiyoyozi. Kwa simu ya Bushra, Bibi naye kanitumia sauti: kacheka mpaka meno ya bandia yametumbukia kwenye uji, mume wake kawa staa. Halafu akauliza.

"Ila mume wangu, huyo wa kiyoyozi ni nani? Mimi niko hapa Ngamiani, na bajia nanunua."

Sauti ya pili ikaja baadaye. Pumzi tu, kisha: "Basi. Nimejua."

Nilipogeuka, Shangazi alikuwa mlangoni na kikombe changu cha chai. Kasikia yote.

Nikajitetea kwa mila. Nikasema ule ulikuwa utani, niliyemtania ni Bibi, mvi zenyewe ni ushahidi. Shangazi akasikiliza mpaka nikaishiwa, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Mtani hurudishiwa," akasema. "Mimi nikurudishie nini, Bakiri? Wewe huna unachokionea haya."

Akaweka chai mezani. Akasema dera limenipendeza, ila nimelivaa nyuma mbele.

Jumamosi, 16 Agosti

Wiki nzuri mno. Pale spaza, kiduka cha mtaani, wananiita Gogo, bibi kwa Kizulu. Mansour kanipa mfupa wa supu, kataka picha moja na ndevu na moja bila. Octave kaanza kuvaa mvi. Hana haya.

Fainali Alhamisi, na nina kitu ambacho hawezi kukiiga: mwanamke asiyesema. Nimemwokota hapa hapa nyumbani. Siku hizi Shangazi akifika kwenye roboti iliyokufa anatazama kushoto, anatazama kulia, anavuka. Basi. Nimechukua vyote: shingo, mkono, hata anavyovuta kitambaa mbele ya uso. Murielle atalia. Angélique kakataa kunishonea wigi, wivu tu. Nitaazima la Octave bila kumsumbua kwa kumwambia.

Na Shangazi sijamsahau. Nimemwombea kiti cha mbele kabisa, ajione.

Kwa ujumla sijakosea popote. Jambo moja tu limekwenda vibaya. Leo jioni mafuta yalichemka, bajia zikaingia, chwaaa, na simu ilikuwa pale pale kando ya bakuli la unga. Nikajibanza mlangoni nimsubiri aingie ofisini. Akakaanga zote, akaepua, akazima jiko. Tangu Jumapili ile hajampigia mama yake. Na Bibi hajui kupiga, anajua kupokea tu.