Nyumba ya Vyumba Viwili Ukingoni mwa Kreta

Jumatatu, 2 Machi 2009
Siku ya kumi na sita ya ndoa. Mimi lojini Ngorongoro, ukungu hadi mlangoni. Selestina wangu Karatu. Nimeisoma barua yake mara nne, mara mbili kwa kunusa tu. Hapa lojini nyumba ya wafanyakazi yenye vyumba viwili iko wazi; nikiipata, atahamia. Meneja, Mama Verediana, atampa karani atakayetunza vizuri zaidi oda za wageni. Mpango wangu: jenereta letu huzimwa mchana, basi oda zikae kwenye seva yangu ndogo, ile kompyuta kuukuu iliyo sebuleni kwetu Karatu, nami niione skrini yake kutoka hapa kwa intaneti. Nimemwambia Selestina amuage kabisa mwenye nyumba wa Karatu.

Jumatano, 4 Machi
Nimeunganisha. Skrini nyeusi. Nimezima, nimewasha, nimesali. Nyeusi. Nimelaumu ukungu, dishi, na nyani aliyekalia dishi. Patrisi, karani mwenzangu, huandika oda kwa penseli kwenye daftari kubwa. Mtu wa kale. Akasema bwana harusi ameoa giza. Kisha akauliza skrini ya kule nyumbani iko wapi. Ilikuwa mbele yangu. Niliibeba kuja nayo, kwa kuwa kule hakuna wa kuitazama. Kumbe kompyuta ile ikiwashwa bila skrini yake haichori kitu. Patrisi alijua. Hilo limeniuma kuliko giza lenyewe.

Ijumaa, 6 Machi
Selestina ameazima skrini parokiani, akaibeba kichwani hadi nyumbani. Malkia. Saa moja asubuhi picha ikaanza kushuka, mstari kwa mstari: picha yetu ya harusi, niliyoiweka iwe ya kwanza kuonekana. Nywele zangu. Paji langu. Nikatokwa machozi mbele ya wageni wawili wa Kijerumani. Ilipofika shingoni ikakatika. Selestina akasema kwenye simu kwamba kompyuta inachoma kama pasi, je, aondoe kitambaa alichoifunikia? Kile alichokifuma mwenyewe, chenye majina yetu. Nikamwambia asithubutu. Sebule ya bibi harusi bila vitambaa, watu watasema nimeoa mvivu. Akasema, haya baba, watu watafurahi, mashine itakufa. Nimezidi kumpenda. Kitambaa kimebaki.

Jumatatu, 9 Machi
Siku ya kumwonyesha meneja. Picha ikashuka. Nywele. Paji. Macho. Mama Verediana akauliza oda ziko wapi. Nikasema zinakuja nyuma ya harusi. Ikafika kwenye shela la Selestina, ikaganda, ikapotea. Nikapiga simu. Selestina alikuwa anakohoa. Moshi. Kitambaa kimeungua pembeni, diski imekufa na oda zote nilizoingiza. Meneja akamwomba Patrisi daftari lake. Lilifunguka mara moja. Nyumba amepewa Patrisi, mkewe Nosim anahamia Alhamisi. Mimi nimeondolewa kaunta. Nitabeba mizigo ya wageni.

Jumatano, 11 Machi
Mwenye nyumba wa Karatu ameshampangisha mwalimu pale kwetu. Selestina amerudi Rhotia kwa wazazi wake, kwa lori, juu ya magunia ya maharage, peke yake. Siku ya ishirini na tano ya ndoa. Hakulia kwenye simu. Alisema tu kwamba mama yake alimtengea kiti akaendelea kumenya viazi. Nikakaa stoo ya mizigo mpaka nikaitwa mara tatu.

Kwao hakuna umeme. Lakini baba mkwe, Mzee Qamara, ana trekta, na trekta ina betri. Kompyuta nyingine itapatikana. Nimeshamwahidi Mama Verediana kwamba Jumatatu ijayo ataona oda kutoka Rhotia. Hakujibu, kwa hiyo hajakataa. Mzee sijamwambia bado, na ni msimu wa kulima. Selestina nimemwambia asifungue mabegi.