Malalamiko Dhidi ya Faili la Mwanaidi

Kwa Mganga Mfawidhi,
Hospitalini, Mtwara.

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Mimi ni Nassoro, mkulima wa korosho huku Mnazi Bay, babu yake Mwanaidi wa miaka mitano. Mjukuu wangu ana ugonjwa wa kurithi: mwili wake unaweka akiba ya sukari lakini hauwezi kuifungua. Akikaa saa chache bila kula, analegea. Tiba yake ni wanga wa mahindi usiopikwa, anaokorogewa kwenye maji kwa saa maalumu. Na wanga sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na karani wako, Bi Martha, aliyezikusanya karatasi zote za mtoto akazipanga katika faili moja, akanikabidhi nitembee nalo.

1. Zamani kila daktari mpya aliniomba nieleze tangu mwanzo. Nilishakuwa fundi, watu wa foleni walisogea wasikie. Sasa daktari anasoma dakika tano, ananiambia asante mzee.

2. Safari ya mjini ilikuwa siku tatu, nikila wali wa samaki kwa shemeji Salumu. Siku hizi saa nne asubuhi tumemaliza, na mke wangu anajua. Palizi inaningoja.

3. Dada yangu Sharifa alishauri mtoto afungishwe siku moja, tumbo lipumzike. Bi Martha alimsikiliza kwa adabu, akaandika humo failini: HAPANA KABISA. Sasa dada anawasomea majirani ukurasa huo kama vile kautunga yeye.

4. Hili ndilo zito. Mwezi uliopita Mwanaidi alitapika asubuhi nzima, akalegea mikononi mwangu. Nikamkimbiza zahanati kwa bodaboda. Nesi alikuwa mgeni, hakuwa akitujua. Navuta pumzi nianze habari yangu, kumbe keshafungua ukurasa wa kwanza wa faili: dripu ya sukari sasa hivi, msisubiri vipimo. Sijafika hata siku ya kuzaliwa kwake, mtoto kafumbua macho, ananiuliza kofia yangu iko wapi. Ilikuwa imepeperuka njiani.

Kwa hiyo naomba faili livunjwe, kila karatasi irudi ofisi ilikotoka, na Bi Martha ahamishwe.

Nisalimie madaktari, mapokezi, na mlinzi wa getini anayeniita profesa.

Ni mimi mwenye kinyongo,
Mzee Nassoro

Tanbihi: Mwanaidi alikuwa na kaka, Jafari. Naye alilegea hivyohivyo, akiwa na miaka miwili. Karatasi zake zilikuwa katika ofisi nne, na mimi nilikuwa bado naeleza. Bi Martha asiguswe.