Injinia na Nati za Kufuli

Injinia alikuwa ndani ya gari jeupe la mtu, pale kwenye uoshaji magari, akifyonza vumbi, mkono wake ulipopotea njia ukaingia kwenye kisanduku kilicho mbele ya kiti cha abiria. Ulipotoka, ulitoka na kipande cha chuma kifupi kama kidole gumba.

Wenye magari wengi hawajui hata kama wanacho. Gurudumu la gari kama lile lina nati nne za kawaida na moja ya kufuli, ambayo haifunguki ila kwa kifunguo hicho. Ukikipoteza na tairi likapasuka, utalizunguka gari lako kama mgeni aliyesahau nyumba aliyoalikwa.

Hapo ndipo Injinia alipopata riziki yake. Aliiba kifunguo, akaegesha msumari mbele ya tairi la nyuma, akavua aproni. Gari lilipoondoka, vioo vyake vyeusi vimefungwa, alilifuata taratibu kwa baiskeli, mkoba wa vifaa mgongoni, kama daktari anayejua mgonjwa ataangukia wapi.

Mgonjwa alianguka mbele ya jengo la ghorofa tatu lenye maduka chini na zahanati juu. Tairi lilikuwa limekaa chini kabisa. Ubavuni pa gari alisimama mama mmoja mnene, mwenye miwani, mkoba mkubwa begani, akitafuna karanga.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba. Pole ya nini, mwanangu?"

"Gari lako, mama. Limechuchumaa."

Mama yule alilitazama tairi. Akamtazama Injinia kuanzia viatu hadi kofia. Akameza karanga.

"Mwanangu," akasema, na sauti ikawa ya mtu aliyechoka na dunia, "hata sijui nianzie wapi. Funguo kaondoka nazo baba watoto. Spea imo humo ndani. Na hapa nilipo, miguu inaniwaka moto."

Injinia aliinama, akaigusa nati ya kufuli, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

"Hii ni ya kufuli, mama. Kifunguo kipo?"

"Kitakuwa wapi zaidi ya humo humo ndani?"

"Basi umebahatika. Mjini humu anayezitoa bila kifunguo ni mmoja tu, naye ameshakuamkia."

Ukweli ni kwamba mafundi wengi wanaziweza. Fundi mwaminifu huchukua soketi kuukuu iliyo ndogo kidogo kuliko nati, akaigonga kwa nyundo mpaka iume, kisha akaizungusha na spana ndefu huku mishipa ya shingo ikimsimama. Soketi hufa, nati hufa, fundi huenda nyumbani na mgongo. Injinia hakupenda kufa na chochote. Nyundo yake ilikuwa ya kelele tu.

"Geuka kidogo, mama. Nati ya kufuli ina haya. Ikitazamwa haitoki."

Mama akageuka kwa heshima zote. Injinia akagonga lami mara sita, akaguna, akainong'oneza nati maneno yasiyo na maana, kisha akafunika kifunguo kwa kitambaa chekundu, akazungusha. Nati ikatoka kama jino la mtoto.

"Mungu wangu!" Mama alijishika kifua. "Una mkono, wewe! Bei yako vipi?"

"Nahesabu kwa nati, mama."

"Zipo ngapi?"

"Nne. Moja kila gurudumu."

"Basi toa zote. Tairi zenyewe zimekwisha. Kaka yangu ana duka la tairi, nampigia sasa hivi alete pikapu, akazibadilishe zote kwa mkupuo."

Injinia alitaka kucheka, akajizuia kwa kukohoa. Alikimbia kwenye jengo lililokuwa likijengwa jirani, akaomba matofali. Akapiga jeki, akagonga lami, akanong'ona, akageuza watu migongo. Kufikia gurudumu la tatu alikuwa na watazamaji tisa, wote wamegeuka nyuma.

Pikapu ilifika. Kwa adabu aliyofunzwa na mamaye, Injinia hakukubali mama mtu mzima ashike kitu kizito. Alipakia magurudumu yote manne mwenyewe, akayafunga kamba, akahakikisha hayachezi.

"Mwanangu," mama akasema, amekwishakaa kiti cha mbele, "dereva anataka ya mafuta kwanza, na zipu ya mkoba imekwama. Nisaidie. Nikirudi nakulipa na hiyo juu. Mkoba huu hapa, ukae nao."

Injinia akatoa kila alichokuwa nacho mfukoni. Pikapu ikaondoka. Mama akampungia mkono mpaka kwenye kona.

Aliketi juu ya ndoo kando ya gari lililo juu ya matofali, mkoba magotini, akipanga atakula nini mchana. Ndipo akashuka kutoka zahanati ya meno bwana mmoja mpana kama kabati, kocha wa ngumi, shavu limevimba na pamba mdomoni.

"Hani hahehoa hagurudumu?" akauliza bwana yule.

Injinia alisimama, akajipigapiga kifua. "Aliyetoa magurudumu ni mimi, mzee! Nati za kufuli zote nne, bila kifunguo. Waulize hawa."

Watazamaji tisa wakaitikia kwamba ni kweli, ingawa hakuna aliyeona.

"Hari HANGU!"

"Hangu? Sikupati, mzee. Tema pamba kwanza."

Bwana hakutema. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akaubonyeza. Gari juu ya matofali likalia mara mbili na kuwasha taa zote, kwa furaha ya kumwona mwenyewe.

Watazamaji wakarudi nyuma hatua mbili. Injinia akaivuta zipu ya mkoba. Ikafunguka laini kama siagi. Ndani mlikuwa na magazeti na maganda ya karanga.

Bwana akanyoosha kiganja kinachotosha kubeba tikiti maji. Injinia akaweka juu yake kitambaa chekundu na kifunguo ndani yake, akaanza kueleza. Alieleza kuhusu mama, pikapu, utu, na malezi. Bwana alijaribu kujibu, lakini sindano ya ganzi ilimwacha na herufi chache mno kwa yale aliyokuwa nayo moyoni. Mwishowe akatoa kalamu, akaandika nyuma ya karatasi ya daktari, akamsogezea.

*Kaa hapa. Ganzi inaisha baada ya saa moja. Ndipo tutaongea.*

Wakaketi bega kwa bega ukingoni mwa barabara. Kila baada ya muda, bwana alijifinya mdomo kuona kama umeanza kusikia. Na Injinia, ambaye hakuwahi kumwombea mtu yeyote chochote, aliomba kwa moyo wake wote kwamba dawa ya yule daktari iwe ni ile ya kudumu.